Taa yangu haikuwa mbovu, ilikuwa na njaa: nilivyoamua kuhusu kuongeza taa kwenye pikipiki ya safari

Nianze na kosa langu. Mwaka jana mwezi wa sita nilitoka Dar naenda Njombe na pikipiki yangu, cc 250 ya mtumba wa Japani, nimeifunga keria na masanduku mawili ubavuni, na nilipanga kutoka saa kumi na moja alfajiri nikatoka saa nne asubuhi. Foleni ya Kibaha, Chalinze nikakaa kula, karibu na Moro pancha, yaani mpaka naiacha Moro ni saa kumi na nusu jioni. Mtu mwenye akili angelala pale pale Msamvu. Mi nikasema Mikumi mjini si kilomita 120 tu, nafika.

Giza likanikuta ndani ya hifadhi. Anayeijua ile barabara anajua, inakatiza mbugani kama kilomita 50, hamna duka hamna nyumba, kuna matuta na vile vibao vya faini za kugonga wanyama, na tembo usiku ana rangi ile ile ya usiku. Nilichoona mimi ni hazadi za lori limesimama katikati ya barabara, nikafunga breki, na mbele ya lori tembo watatu wanavuka zao taratibu, wa mwisho mdogo anamfuata mama yake. Taa yangu ilikuwa inanionyesha mgongo wa lori na majani ya miti. Majani ya miti juu! Hapo ndio nilitakiwa nishtuke lakini sikuelewa, nilikuwa nahangaika kutetemeka.

Yule dereva wa lori akanipa ishara nimfuate, nikajibanza nyuma yake mpaka Mikumi mjini. Aliposhuka kununua maji akaiangalia pikipiki, akaniambia, "Dogo, na hiyo tochi yako unaenda wapi?" Nikamjibu, "Nalala hapa hapa mzee."

Sasa niliporudi Dar kitu cha kwanza Kariakoo. Nilikuwa nimeshaamua, taa za ziada lazima, swali langu lilikuwa ni zipi tu. Jamaa dukani akanitolea pea ya taa za LED za duara, kubwa kama sahani ya chai, kwenye boksi imeandikwa wati 120. "Kaka hizi moto, usiku unakuwa mchana." Elfu 45 na kufungiwa hapo hapo nje. Fundi wa pale nje alichofanya ni kuchuna waya wa taa kubwa, akaunga, akazungushia tepu, akasema tayari. Dakika ishirini. Nilikaa nazo siku mbili.

Siku ya pili natoka Bagamoyo usiku narudi mjini, nimewasha zote najiona mfalme, mbele inakuja bodaboda imebeba mama. Nikaona inayumba, inatoka kwenye lami, inaingia kwenye mchanga, inasimama imelalia kwenye mti. Nilisimama nikarudi. Hawakuumia, namshukuru Mungu, ila yule mama alivyoniangalia sitasahau. "Mwanangu hizo taa ni za nini? Unataka kutuua?" Nikasema samahani mama, nisameheni sana. Kijana wa boda yeye hakusema kitu, anafuta macho tu. Nikazizima pale pale na kesho yake nikazifungua.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata mimi mwenyewe zilikuwa hazinisaidii kama nilivyofikiri. Mita kumi za kwanza mbele ya tairi kweupe kama uwanja wa mpira, ukiangalia mbali giza limekuwa zito zaidi kuliko mwanzo, maana jicho likishazoea ule weupe wa karibu huko mbele halioni kitu. Mwanga mwingi na mwanga mrefu ni vitu viwili tofauti. Zile taa hazina kioo cha kuupangia mwanga njia, zinamwaga tu, juu, pembeni, machoni kwa watu, na afu nikagundua taa yangu kubwa nayo imezidi kufifia na swichi ya funguo inanuka plastiki.

Nikampelekea fundi wangu wa umeme Tabata, mtu mzima, ndio wale wanaoongea kidogo. Hakugusa zile taa kabisa. Akachukua testa, akaniambia niwashe pikipiki nishike mafuta kidogo, akapima kwenye betri, volti 14.1. Safi. Akatoa soketi ya taa kubwa kule nyuma ya globu, akachomeka ncha za testa huku taa imewaka, akanionyesha: 11.9.

"Kijana wangu, hii taa haiumwi. Ina njaa."

Yaani zaidi ya volti mbili zinapotea njiani. Umeme wa taa kubwa unatoka kwenye betri unapita kwenye swichi ya funguo, unapanda mpaka kwenye swichi ya dimu (mwanga wa karibu) na fulu (mwanga wa mbali) pale kwenye usukani, ambayo vidole vyake vya shaba vimeota kutu ya kijani miaka na miaka, ndio ushuke kwenye globu, na njia yote hiyo ni kiwaya chembamba kama kamba ya kiatu. Na globu za halojeni, hii ya kwangu ni ile H4 ya wati 60 kwenye fulu na 55 kwenye dimu, zina tabia mbaya: ukipunguza volti asilimia 10 mwanga haupungui asilimia 10, unapungua karibu 30. Kwa hiyo mimi nilikuwa natembea na theluthi mbili ya taa niliyonunua halafu nikaenda Kariakoo kutafuta nyingine.

Zile za wati 120 nazo tulizipima kwa udadisi tu, moja kwa moja kwenye betri. Zote mbili pamoja zinavuta ampea 1.6. Zidisha kwa volti 12 na kitu unapata wati 20. Mzee alicheka mpaka akaweka testa chini.

Dawa ilikuwa rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Waya mnene kutoka betri, fyuzi karibu kabisa na betri (sio mwishoni, mwanzoni, maana waya ukichubuka katikati ndio fyuzi ikulinde), kisha rilei, kisha globu. Zile waya za zamani sasa kazi yake ni kuiamrisha rilei tu, inavuta umeme kidogo sana. Rilei mbili, moja ya dimu moja ya fulu, soketi mpya, hasi imepelekwa mpaka kwenye betri badala ya kuachiwa bodi. Tukapima tena kwenye globu: 13.6. Gharama yote na ufundi elfu 38, chini ya zile sahani za chai.

Halafu yale majani ya miti. Mzee akaniuliza, "Safari unabeba nini?" Nikamwambia masanduku, hema, lita tano za maji, na mwenyewe kilo 84. Akaniambia rudi kesho na vyote. Nikarudi navyo, tukasimamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani, nimekaa juu yake, tukapiga chaki usawa wa taa. Mwanga wa dimu uko JUU ya chaki. Mzigo unakalisha nyuma chini, pua inaangalia mbinguni, kumbe ndio maana malori yalikuwa yananipiga fulu njia nzima na mimi nawaona wao ndio hawana adabu. Tukakaza springi ya nyuma, tukashusha taa mpaka mstari wa mwanga ukakaa kama sentimita 5 chini ya chaki.

Mi ni mtu wa kutaka kuona kwa macho. Kabla ya hiyo kazi nilikuwa nimeshaenda na mdogo wangu usiku kwenye barabara ya vumbi isiyo na taa, amevaa jaketi jeusi, namwambia tembea mpaka nisikuone, tunapima kwa kamba ya mita 10. Kwenye dimu alipotea mita 45. Baada ya rilei na kushusha taa tukarudia pale pale na jaketi lile lile, akapotea mita 60 na kitu. (Akanidai chipsi mayai, nikampa.)

Sasa chukua hizo namba uzitie kwenye mwendo. Ukiwa 80 unakata mita 22 kila sekunde. Mpaka uone kitu, akili ikubali, mkono ushike breki, sekunde moja na nusu imeenda, mita 33. Bado kusimama kwenyewe, hata ukifunga breki vizuri kwenye lami kavu, mita 40 hivi. Jumla 70 na zaidi, na mimi nilikuwa naona 45. Ukiwa 60 jumla inashuka kwenye mita 50 kasoro kidogo, hiyo naiweza. Kwa hiyo usiku kwenye dimu mwendo wangu ni 60.

Hapo ningeweza kuishia, na kwa kweli nilikaa miezi mitatu bila kuongeza kitu. Kilichonirudisha ni ukungu. Huko Makambako kwenda Njombe asubuhi ya baridi ukungu unakaa barabarani kama maziwa, ukiwasha fulu unamulika ukuta mweupe, ukiweka dimu afadhali kidogo ila mstari wa pembeni wa barabara huuoni. Hapo taa ya katikati ya usukani haisaidii hata uilishe vipi, inatakiwa mwanga utoke chini, uwe mpana, na uwe umekatwa juu. Watu wanabishana njano au nyeupe, mi nimechukua njano kwa sababu haichoshi macho, ila kusema kweli kinachofanya kazi ni kule kukaa chini na kule kukatwa.

Lakini safari hii nilianza na mahesabu. Pikipiki yangu haina kiki, betri ikifa porini ni kusukuma. Tukawasha kila kitu, taa kubwa, chaja ya simu, nikakanyaga breki, tukapima betri: mafuta yakishikwa 13.6. Tukaongeza mzigo wa wati 20: 13.4, bado inachaji. Kwenye sailensa, yaani injini inanguruma bila kushika mafuta, ikashuka 12.5, maana yake haichaji, inakula akiba. Basi kwenye foleni ya Kibaha zinazimwa. Nikanunua pea ndogo, wati 10 kila moja na hizi tulipima kabla sijalipa, zimefungwa chini kwenye gadi ya injini, fyuzi ya ampea 5, rilei yake, swichi yake, na rilei inaamrishwa na waya wa taa ndogo ya paki ili nikitoa funguo zife zenyewe.

Mwezi wa saba mwaka huu nimeenda tena Njombe. Ukungu niliupata, saa moja asubuhi, nilitembea 40 nauona mstari wa pembeni mpaka jua lilipopasua. Hizo taa nimeziwasha safari nzima labda saa moja na nusu. Mikumi nimepita saa nane mchana, nikawaona twiga vizuri tu.

Zile za wati 120 nimempa shemeji Mkuranga, amezifunga na sola kwenye banda la kuku.