Siku Fuwele Zilipopasuka

Tulikuwa tukikuza fuwele za protini, ili tuzipige eksirei na kujua umbo la molekuli yake. Siku ya sita vijiti vyembamba vilionekana chini ya hadubini, katika tone moja tu kati ya matone 24. Lilikuwa tone la mikrolita 2: mikrolita moja ya protini yetu ya bakteria, miligramu 10 kwa mililita, na moja ya mchanganyiko wa kisimani, yaani kimiminika cha kwenye kishimo cha sahani ya majaribio, wenye asilimia 20 ya PEG 3350, polima inayosukuma protini itoke kwenye maji. Nilihofia ni chumvi. Nikagusa kijiti kimoja kwa ncha ya sindano, kikabonyea na kumeguka. Chumvi ingekuwa ngumu. Fuwele ya protini ni laini kwa sababu karibu nusu yake ni maji.

Maji hayo hayo ndiyo yaliyotusumbua. Fuwele hupigwa eksirei ikiwa kwenye kelvini 100 (karibu nyuzi 173 chini ya sifuri), maana baridi hupunguza uharibifu wa mionzi. Ya kwanza niliichovya kwenye naitrojeni kimiminika bila kinga dhidi ya barafu. Picha ikatoka na miduara ya barafu kwenye angstromu 3.9, 3.67 na 3.44 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), imefunika madoa yetu, yale yanayoachwa na eksirei inapotawanywa na fuwele. Ya pili nikaitia kwenye kinga hiyo, gliseroli ya asilimia 25, ikapasuka nikiitazama: maji yalikuwa yametoka ndani kwa kasi mno. Ya tatu tukaipandisha ngazi kwa ngazi, asilimia 5, 10, 15, 20, 25, dakika moja kila hatua. Gliseroli tuliichanganya katika mchanganyiko wa kisimani. Kwenye maji matupu fuwele ingeyeyuka.

Madoa yakafika angstromu 2.1, kipimo cha undani tunaoweza kuuona. Lakini kigunduzi hupima nguvu ya kila doa tu. Awamu ya wimbi, yaani mahali kilele chake kilipo, hupotea, na bila hiyo umbo halikokotoleki. Protini yetu haikuwa na jamaa mwenye umbo linalojulikana ambaye tungeazima awamu zake, kwa hiyo tuliikuza upya kwa selenomethionini, yaani asidi amino methionini yenye seleni badala ya salfa, na kupima kwa urefu wa wimbi wa angstromu 0.979, pale seleni inapoanza kunyonya eksirei kwa nguvu, ili atomu za seleni zitupe awamu. Kati ya methionini 5, programu ilipata seleni 4. Ya tano ilikuwa ya mwanzo kabisa wa mnyororo, kwenye mkia usiotulia.

Ramani ya kwanza ya elektroni, iliyokokotolewa kwa seleni hizo, ilikuwa ukungu mtupu. Mpangilio wa seleni una pacha wake wa kwenye kioo, na sisi tulikuwa tumeshika pacha asiye sahihi. Tukaugeuza, tukakokotoa tena. Maji yakajitenga na protini, na katikati ikasimama helisi ya alfa, mnyororo wa protini uliojiviringa kama springi, ikipinda kulia, angstromu 5.4 kila mzunguko.