Kibati cha mkononi kwa anayekimbia peke yake

Simu si kitambulisho. Nalitanguliza hili kwa sababu simu ndiyo jibu ninalopewa kila mkimbiaji mwenzangu anapoona kibati nilichovaa mkononi, kilichochongwa jina langu na namba za kupigiwa nikipata ajali, na kukiuliza. "Mimi nina simu bwana, inatosha." Haitoshi, na nimeona kwa macho yangu.

Mimi hukimbia na kuendesha baiskeli peke yangu, tena kwa kupenda. Asubuhi moja nikakuta watu wamemzunguka mwendesha baiskeli aliyelala kando ya barabara, anapumua lakini hajitambui. Simu yake ilikuwa kwenye mfuko wa nyuma wa jezi, kioo kimepasuka, na inataka alama ya kidole. Kijana mmoja akamshika kidole akakigandisha pale. Kidole kilikuwa na vumbi na damu, simu ikakataa, ikarudia kukataa, kisha ikadai nywila. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshaitwa, na mhudumu aliyekuwa akizungumza nasi akauliza maswali ambayo hatukuwa na jibu la hata moja: anaitwa nani, ana umri gani, ana ugonjwa wowote, anatumia dawa gani. Tukabaki tumeikodolea macho ile simu tukiomba yeyote ampigie, maana simu inayoita hupokeleka hata ikiwa imefungwa. Ikaita kweli. Kwenye kioo pakatokea "Fundi Gia". Fundi Gia hakumjua mke wala mama wa mteja wake, ila alijua jina lake la kwanza, na tangu hapo tukawa angalau tunamwita kwa jina. Alizinduka kabla gari halijafika.

Najua simu za leo zina ukurasa wa dharura. iPhone wanao tangu mwaka 2014, na za Android zinao pia: unabonyeza neno la dharura kwenye kioo kilichofungwa, unaona jina, magonjwa na namba za ndugu bila kujua nywila. Wangu nimeujaza, na nawe jaza wako leo, ni kazi ya dakika chache. Lakini pale barabarani hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuutafuta, na kioo chenyewe kilikuwa nusu hakisikii. Mwaka 2005 mhudumu wa gari la wagonjwa wa Uingereza, Bob Brotchie, alihimiza watu wahifadhi namba ya ndugu kwenye simu kwa herufi ICE, kifupi cha Kiingereza cha "ikitokea dharura", na baada ya milipuko ya London ya Julai mwaka huo wazo likaenea haraka. Lilikuwa wazo zuri kwa simu ambazo yeyote angeweza kuzifungua. Sasa herufi hizo zikiwa ndani ya simu iliyofungwa, hazimsaidii mtu.

Kwa hiyo nikatafuta kitu kisichohitaji betri. Shingoni nilivaa mkufu nikauvua. Unarukaruka kifuani na kukwaruza ngozi iliyolowa jasho, halafu umejificha chini ya nguo. Kibandiko kwenye helmeti nilikikataa mapema, kwa kuwa watengenezaji wengi wanaonya kwamba gundi nyingine hudhoofisha gamba na povu la ndani, na isitoshe helmeti ikivuliwa huachwa pale pale. Karatasi kwenye kimfuko cha chini ya tandiko inaitambulisha baiskeli zaidi ya inavyokutambulisha wewe. Wewe utaenda hospitali, yenyewe itabaki na aliyeiokota. Mkono ndio ulioshinda. Mtu yeyote anayetaka kujua kama mapigo yapo hushika kifundo cha mkono, akiwa daktari au mpita njia. Mimi navaa upande usio na saa.

Nilichagua chuma cha pua kwenye mkanda wa silikoni, na maandishi yakachongwa, hayakupakwa rangi, kwa kuwa jasho na mafuta ya jua hula rangi polepole. Fundi alitaka kunichongea herufi za mapambo kama za kadi ya harusi. Nikamkatalia, nikataka herufi kubwa zilizonyooka. Kilipokamilika nikampa mama mkwe akisome bila miwani, kwenye mwanga wa koroboi wa alfajiri. Alisoma mpaka mstari wa mwisho, akaniuliza kwa nini sikuandika na jina lake.

Cha kuandika ndicho kilichonisumbua. Kibati ni kidogo, kila neno linamfukuza jingine. Nilianza kwa kufuta. Anwani ya nyumbani nilifuta, maana mkanda unaweza kukatika ukaokotwa pamoja na ufunguo. Kundi la damu nalo nilifuta, japo wengi hulipenda: hospitali haiwezi kukuongezea damu kwa kuamini kibati, itapima yenyewe kwanza. Nafasi hiyo nikaipa aleji ya penisilini. Aliye na kisukari au kifafa aandike hilo kabla ya yote, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, asithubutu kuliacha, kwa sababu akigonga kichwa anaweza kuvuja damu ndani huku kwa nje akionekana mzima. Vibati vya namna hii vimetokana na jambo hilo hilo. Mwaka 1953 huko California binti wa daktari mmoja alipata mzio wa kutisha kutokana na dawa ya pepopunda, wazazi wakawa wanamwandikia onyo kwenye karatasi wanamfungia mkononi kila anapotoka, na mwaka 1956 baba akaanzisha shirika la MedicAlert ili onyo kama hilo lichongwe kwenye chuma.

Jina langu liko upande wa ndani, unaogusa ngozi. Sitaki mtu nisiyemjua aniite kwa jina nikiwa peke yangu kwenye njia tupu, akina dada wanaokimbia watanielewa. Upande wa nje pana ile alama ya tiba, ya fimbo na nyoka, na neno moja: GEUZA.

Zikabaki namba mbili, ya mume wangu na ya dada yangu, zote zimeanza na alama ya kujumlisha na namba ya nchi ili zipigike kutoka popote. Nikadhani kazi imekwisha. Ila mimi ni mtu wa kujaribu vitu, nikamwomba rafiki ambaye namba yake hawaijui awapigie saa ile ile ya alfajiri ninayokuwa barabarani, aseme nimeanguka, kisha awatoe hofu papo hapo. Mume wangu hakupokea, maana usiku huiweka simu kimya. Dada alipokea, akasikia "ndugu yako amepata ajali", akafoka, "Tafuteni kazi, matapeli nyie," akakata. Rafiki yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikumlaumu dada hata kidogo. Simu ya kweli ya ajali inafanana mno na simu ya tapeli: namba ngeni, sauti ya haraka, jina la mtu umpendaye.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kuchonga kibati ni kazi ndogo, kazi kubwa ni kuwaandaa waliotajwa humo. La mume wangu lilitatulika kwenye mipangilio ya simu. Huwezi kuiruhusu namba usiyoijua ipite wakati simu iko kimya, lakini unaweza kuiambia simu kwamba namba ile ile ikipiga tena ndani ya dakika chache, iite. Ndiyo maana kando ya namba yake pamechongwa PIGA MARA MBILI. Tulijaribu na inafanya kazi, alikurupuka kitandani kama aliyemwagiwa maji.

La dada lilihitaji makubaliano. Mstari wa mwisho wa kibati una neno moja ambalo halihusiani na lolote, tulilichagua sisi watatu na hatujaliandika kwenye simu wala mtandaoni. Mtu akipiga kusema nimeanguka, swali la kwanza ni: "Mkononi ana kibati, neno la chini kabisa ni lipi?" Aliyenishika mkono atalisoma. Tapeli atatafuta la kusema. Tena hata neno likiwa sahihi, hakuna kutuma hela kwa aliyepiga. Wanauliza napelekwa hospitali gani, wanaitafuta namba ya hospitali wenyewe, wanapiga. Dada alilipenda hili kuliko mambo mengine yote ya kibati. Nafikiri anatamani kidogo tapeli ampigie.

Wote wawili wanajua aleji yangu, wanajua kadi ya bima ilipo, na kabla ya kutoka naacha ujumbe wa njia ninayopita na saa ya kurudi. Kushirikisha mahali nilipo kwa simu nafanya pia nikiendesha mbali, lakini mtandao ukikatika kinachobaki ni ule ujumbe.

Kwa baiskeli naongeza kibati cha pili, kifundoni mguuni. Nilikiiga kwa wanajeshi. Kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1864 huko Cold Harbor, askari walijishonea vikaratasi vya majina mgongoni kabla ya kwenda mbele, ili maiti zao zijulikane. Kufikia mwaka 1916 jeshi la Uingereza likawa linampa kila askari visahani viwili, kimoja cha kuondolewa kwa ajili ya taarifa na kimoja cha kubaki na mwili. Shughuli yangu si ya kutisha kiasi hicho, lakini mantiki inakubali: hospitalini mkono unaweza kuvuliwa kila kitu ili uwekewe mpira wa dripu, na bangili ikawekwa kwenye mfuko wa nguo. Kile cha mguuni kina mistari mitatu tu, jina, namba moja na penisilini.

Mume wangu alibadilisha laini mwaka jana na vyote viwili vikarudi kwa fundi. Siku hizi nakagua namba kila ninapobadilisha viatu vya kukimbilia, kwa kuwa hilo silisahau, maumivu ya goti hunikumbusha.

Dada yangu hakimbii wala haendeshi, kwake baiskeli ni kitu cha watoto. Lakini ana kisukari, na anatembea peke yake kila mahali. Baada ya ule mjadala wa matapeli akaniomba nimpeleke kwa fundi. Chake kinaanza na KISUKARI kwa herufi kubwa kuliko jina lake mwenyewe, na namba ya kwanza ni yangu. Kwa hiyo na mimi sasa napokea namba ngeni, nikikimbia, nikipika, nikiwa kikaoni, na nyingi ni za watu wa mikopo.