Hata sisi wanawake tunayo homoni ya testosteroni

Natoka kliniki sasa hivi, nipo Makadara nasubiri tuktuk.

Mwaka umepita tangu hedhi inikome. Joto la ghafla na kukosa usingizi nilizoea kuyasema. Hamu yangu kwa mume wangu kupotea sikumwambia mtu.

Leo daktari, mama wa makamo, alinyanyuka akafunga mlango, akageuza simu yake kifudifudi, ndipo akauliza: "Na chumbani je, dada?"

Machozi yakanitoka. Ule mlango kufungwa tu, wallahi!

Akanieleza: testosteroni si ya wanaume pekee. Sisi hutengenezewa na ovari na tezi zilizo juu ya figo, na hupungua taratibu tangu ujanani, haiporomoki kama homoni ya kike, estrojeni. Mwaka 2019 wataalamu wa kimataifa walikubaliana kuwa kwa waliokoma hedhi, testosteroni kama dawa ina ushahidi kwa jambo moja tu: hamu ikipotea na kupotea huko kukawa kwakutesa. Si dawa ya uchovu. Na dozi yake ni ndogo mno, si ya wanaume. Kwanza tutaangalia mengine, usingizi na ukavu wa ukeni.

Mashoga zangu, nyinyi mwaulizwa haya na madaktari wenu? Nambieni hapa, au inboksi mkiona haya.