Fizikia inajua kwa nini MV Bukoba ilizama, lakini watu bado wanauliza

Mimi nafundisha fizikia sekondari hapa Mwanza, na kuna kauli naisikia sana siku hizi kwa vijana waliopita chuo, wengine nimewafundisha mwenyewe, kwamba swali lolote ambalo sayansi haiwezi kulijibu basi hilo sio swali, ni mabaki ya imani za wazee tu. Halafu Jumapili naenda kanisani nakutana na upande wa pili, mhubiri anasimama anasema mnaona, wanasayansi wameshindwa kueleza jambo fulani, kwahiyo Mungu yupo, na watu wanapiga makofi. Hizi kauli mbili zinaonekana zinapingana ila kwangu mimi zimezaliwa na wazo moja, kwamba dini na falsafa zinaishi pale ambapo sayansi haijafika bado, na siku ikifika zitahama. Hilo wazo ndo nalikataa na nataka nieleze kwa nini.

Tuchukue MV Bukoba maana hapa kwetu hakuna asiyeijua. Tarehe 21 Mei 1996 asubuhi, meli inatoka Bukoba, imeshapita Kemondo kuchukua watu wengine, imebakiza kipande tu kuingia bandari ya Mwanza, ikapinduka. Wakafa watu zaidi ya 800, na idadi mpaka leo inatajwa tofauti tofauti kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Wengi walizikwa Igoma.

Kwa fizikia tukio lile halina fumbo lolote. Chombo kikielea kuna uzito wake unaovuta chini na kuna maji yanayosukuma juu, na kikiinama kidogo ubavu, ule ubavu uliozama zaidi ndo unasukumwa zaidi na maji, kwahiyo chombo kinarudi wima chenyewe, ndo maana mtumbwi unayumba na haupinduki ovyo. Lakini ukirundika uzito juu, watu wamesimama, mikungu ya ndizi, mizigo, ile nguvu ya kukirudisha inapungua, inapungua, mpaka inafika mahali inageuka kabisa, yaani badala ya kukisimamisha chombo inamalizia kukilaza. Meli ile ilikuwa na shida ya kukaa sawa majini toka zamani na siku ile ilizidisha watu. Hata lile linalowauma wengi mpaka leo, kwamba meli ilikuwa imeshapinduka lakini bado inaelea, watu wako ndani wanagonga chuma, waokoaji wakatoboa ili wawatoe na baada ya pale ikazama moja kwa moja, nalo lina maelezo, iliyokuwa inaishikilia juu ni hewa iliyonaswa ndani na tundu likaifungulia. Tunaanza kanuni ya Archimedes, ile ya vitu kuelea majini, kidato cha kwanza, na mtoto akiishika vizuri ile mada anaweza kukueleza msiba wote ule ubaoni.

Sasa angalia kinachotokea baada ya maelezo. Mwanafunzi mmoja ambaye familia yao ilipoteza bibi kwenye ile meli, alisikiliza yote, akaelewa, mtihani wa mada ile alifaulu vizuri tu, halafu akaniuliza, mwalimu, sasa kwa nini bibi? Kwa nini yeye apande na jirani yake waliyekuwa wasafiri pamoja achelewe Kemondo abaki, na yule jirani yupo hai mpaka leo anakuja kwenye misa ya kumbukumbu? Ningeweza kumjibu kwamba jirani alichelewa, basi. Ni kweli, ila hakuuliza hilo. Alikuwa anajua kwamba jirani alichelewa. Yeye alitaka kujua kama kifo cha bibi yake kina maana yoyote au ni kitu kimetokea tu, na kama kimetokea tu, yeye aishi vipi na hilo.

Swali lake halikutoka kwenye upungufu wa taarifa, na hapa ndo naomba msomaji tuende taratibu. Kama lingekuwa limetoka kwenye upungufu, kila taarifa ningempa ingelipunguza kidogo, mpaka likaisha. Lakini mpe ramani ya meli, mpe uzito wa mzigo kwa kilo, mpe nafasi ya kila abiria aliyekuwa amekaa, mpe upepo wa asubuhi ile, swali litabaki zima kama lilivyokuja. Kwahiyo kumwambia asubiri, sayansi itafika siku moja, ni kumdanganya, maana kwenye jambo lake sayansi ilishafika, ilishamaliza kazi yake na imeifanya vizuri.

Mwingereza mmoja, Evans-Pritchard, aliishi na Wazande kusini mwa Sudan miaka ya 1920, akaeleza habari ya ghala. Kule watu hukaa chini ya ghala la nafaka kupumzika mchana kwenye kivuli, na siku nyingine ghala linaanguka linaumiza watu. Wazande walikuwa wanajua fika kwamba mchwa wanakula nguzo, hawakuhitaji mtu wa kuwafundisha. Walichokuwa wanauliza ni kwa nini lianguke saa ile ile ambayo watu hawa hawa wamekaa chini yake. Sisi wa Kanda ya Ziwa tukisoma hiyo tunajiona kabisa. Mtu kafa kwa malaria, kipimo cha hospitali ya Bugando kimesema malaria, familia imekubali ni malaria, na jioni kwenye kikao cha ukoo mtu anauliza, haya, na hiyo malaria imetumwa na nani? Hilo la kutumwa nitalirudia maana hapo ndo penye damu.

Kwanza nimalizane na mhubiri. Anayemweka Mungu kwenye kila kitu ambacho wanasayansi hawajaeleza anamjengea Mungu nyumba kwenye ardhi inayomegwa kila mwaka. Aliyeliona hili vizuri alikuwa padri, Georges Lemaître wa Ubelgiji, ambaye ndiye mwaka 1931 alitoa wazo kwamba ulimwengu ulianza kama kitu kimoja kidogo kikatanuka. Mwaka 1951 Papa Pius XII akatoa hotuba akaonyesha kama vile sayansi hiyo inathibitisha uumbaji, na Lemaître, padri huyo huyo, mwenye nadharia yenyewe, hakufurahia kabisa. Msimamo wake ulikuwa kwamba nadharia yake iko nje ya swali la Mungu, aaminiye aamini na asiyeamini asiamini, hesabu ni zile zile. Nampenda sana yule padri kwa hilo. Alikuwa na nafasi ya kuifanya fizikia yake kuwa mahubiri na akaiacha.

Kuna waliojaribu kuipeleka dini maabara kabisa. Mwaka 2006 huko Marekani yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa maombi, wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo, wakagawanywa makundi matatu. Kundi moja waliombewa bila kuwa na uhakika kama wanaombewa, jingine hawakuombewa nao hawana uhakika, na la tatu waliombewa na wakaambiwa wazi. Waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52 kwa kundi la kwanza, 51 kwa la pili, na 59 kwa la tatu lililojua. Asiyeamini anasema hayo, maombi hayafanyi kazi. Anayeamini anasema utafiti haukuwa mzuri. Mimi nasema utafiti ulikuwa mzuri sana kwa kitu ulichopima, ulipima kama maneno ya mtu wa mbali yanapunguza matatizo ya mshono na moyo kwa wastani, na jibu ni hapana, na mhubiri anayewaahidi watu hivyo inabidi alipokee hilo jibu kiume. Lakini mama anayepiga magoti Bugando nje ya wodi usiku hafanyi kile kilichopimwa. Anaongea na anayemwamini, anakabidhi, analia, anaomba nguvu ya kukubali lolote. Huwezi kumweka kwenye kundi la pili ukamwambia wewe leo usiombe ili tulinganishe. Na Kumbukumbu la Torati ilishakataza kumjaribu Bwana, kwahiyo hata kwa macho ya imani yenyewe jaribio lile lilikuwa linamtafuta mwingine.

Sasa kijana wangu wa chuo. Anasema, kisichopimika hakina maana. Nimemuuliza mara kwa mara, hiyo sentensi yenyewe umeipima kwa kifaa gani? Hakuna kipimo cha kuthibitisha kwamba vipimo tu ndo vyenye maana. Ni msimamo wa kifalsafa, anaruhusiwa kuwa nao, ila autetee kama falsafa asiuvalishe koti jeupe.

Na sio mambo ya kifo na Mungu tu, hata ziwa lenyewe hapa mbele yetu linaonyesha. Miaka kama 15,000 iliyopita Ziwa Victoria lilikuwa limekauka, tunajua kwa tope lililochimbwa chini ya maji, halafu likajaa tena na ndani yake wakatokea furu, wale samaki wadogo, wa aina zaidi ya 500, kasi ambayo wanasayansi duniani bado wanaishangaa. Miaka ya 1950 wakoloni wakaleta sangara, samaki mkubwa anayekula wenzake. Kufika miaka ya 1980 sangara kalipuka, na watafiti wa Kiholanzi waliokuwa Mwanza toka 1977 wanahesabu furu kwenye ghuba hii hii wakaona aina kwa aina zinapotea mbele ya macho yao, inakadiriwa kama 200 zimekwisha. Kwa upande mwingine viwanda vya minofu vikaja, watu wakapata ajira, minofu ikaenda Ulaya na sisi tukabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Yote hayo yanahesabika, tani, ajira, dola, aina za samaki. Sasa niambie, ilikuwa sahihi? Furu mdogo asiyeuzika ana haki ya kuwepo au hana? Weka namba zote mezani na hakuna hata moja itakayokuambia. Mskoti David Hume aliliandika hili toka karne ya 18, kwamba kutoka kwenye vitu vilivyo huwezi kuchomoa vinavyopaswa kuwa, bila kuchomeka thamani zako mwenyewe katikati. Wavuvi wa soko la samaki la Mwaloni wanabishana jambo hili bila kumjua Hume na wanabishana vizuri kuliko semina nyingi nilizokaa.

Nilisema nitarudi kwenye kutumwa. Mpaka hapa nimetetea swali la kwa nini mimi, kwa nini mwanangu, na nitaendelea kulitetea. Lakini mtu akitoka hapo akaenda kwa mganga, mganga akamwambia ni yule mama mzee wa nyumba ya tatu, angalia macho yake mekundu, basi ameshaacha swali la maana na ameingia kwenye dai kuhusu dunia, kwamba mtu huyu amesababisha tukio hili. Dai la namna hiyo linapimika, na likipimwa ni uongo. Macho yale ni mekundu kwa sababu mama amepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe kwenye jiko lisilo na dirisha maisha yake yote, moshi umemuunguza. Kwa uongo huo Usukuma tumeua vikongwe wengi sana, wamekatwa mapanga na watoto wa majirani zao, na ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa uongo wa aina hiyo hiyo. Hapa sitaki kusikia mtu ananiambia sayansi ina mipaka yake, mila ziheshimiwe. Mipaka ya sayansi ni kweli ipo, ila jambo hili liko ndani ya mipaka hiyo kabisa, katikati.

Vile vile na Loliondo, 2011. Watu walitoka hapa Mwanza kwa mabasi kwenda kunywa kikombe cha dawa cha Babu, mchungaji mstaafu wa kule, shilingi 500, na wapo walioacha dawa za ukimwi baada ya kurudi. Imani ya mzee yule kwa Mungu wake siwezi kuipima na sina haja. Ila kusema kikombe kinaponya ukimwi ni dai la damu, na damu tunajua kuisoma.

Kwahiyo darasani siku hizi nikimaliza Archimedes nawaachia wanafunzi dakika za kuuliza lile swali la bibi, na siwapi jibu, nawaambia wakaongee na wazazi, na padri, na shehe, na wenyewe wakae nalo. Ila habari ya macho mekundu nawajibu hapo hapo kwa sauti, silabasi iitaje isiitaje, na nikialikwa kuongea kanisani nalisema vile vile mbele ya wazee.