Jambo Hili Ufanyalo si Jema

Neno la juma hili: Kutoka 18:13–27

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Fungu hili tumezoea kulisikia kwenye semina za uongozi. Safari hii tunaomba lisomwe kama habari ya afya. Yethro amemtembelea mkwewe Musa, na kesho yake anamwona ameketi kuamua mashauri ya watu, umati umemzunguka tangu asubuhi hadi jioni. Mzee hamsifu kwa bidii yake. Anamwambia kwamba jambo hilo si jema, na sababu anayotoa inaugusa mwili: utadhoofika, wewe na watu hawa pia.

Kudhoofika huko kuna njia yake. Jambo likikushtua, ubongo huziamuru tezi mbili zinazokaa juu ya figo zimwage homoni kwenye damu. Adrenalini hutangulia ndani ya sekunde: moyo unaenda mbio, presha inapanda, damu inakimbilia kwenye misuli. Kotisoli hufuata dakika chache baadaye na kuliambia ini litoe sukari, ili uwe na nguvu ya kupambana au kukimbia. Mungu aliuweka mpango huu vizuri; siku ukifukuzwa na mbwa utaushukuru. Shida huanza mbwa mwenyewe anapokuwa ada ya shule, kesi ya shamba isiyoisha, au mgonjwa wa kiharusi aliyelala chumba cha pili, huu mwaka wa tatu. Hapo hakuna pa kukimbilia, na kengele haizimwi.

Kwa kawaida kotisoli hufika kilele muda mfupi baada ya kuamka, ikashuka taratibu hadi chini kabisa karibu na usiku wa manane. Kwa mwenye msongo wa muda mrefu mpangilio huo huweza kuvurugika: saa ya kulala imefika, mwili bado uko macho. Usingizi ukikatika, presha inakosa ile nafasi yake ya kushuka usiku. Mafuta hujikusanya tumboni, mwenye kisukari anaona namba zinapanda ingawa chakula ni kilekile, shingo na mabega hukaza, wengine hedhi huruka.

Na kinga ya mwili je? Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walichukua wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza ndugu zao wenye ugonjwa wa kusahau, wakawalinganisha na wengine 13 wa umri uleule wasiouguza mtu. Kila mmoja alitolewa kipande kidogo cha ngozi mkononi, kidonda cha milimita 3.5. Wasiouguza walipona kwa wastani wa siku 39.3, wauguzaji siku 48.7. Tofauti ya siku tisa, kwa kidonda kidogo kuliko punje ya mahindi. Wanaouguza majumbani mwetu wasikie hili: uchovu huo si uvivu, wala si imani haba.

Tuseme pia yale ambayo mawazo yanasingiziwa. Vidonda vya tumbo mara nyingi husababishwa na bakteria wanaoitwa helikobakta, waliotambuliwa na Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, au na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinazomezwa kila mara. Msongo huongeza maumivu, lakini kuacha kuwaza hakuui bakteria. Nenda ukapimwe, wakionekana, kuna dawa za kuwaondoa.

Hatari zaidi ni ile tunayoiita presha ya mawazo. Mtu anameza vidonge siku ambayo kichwa kinamuuma, akitulia anaviacha. Presha ya juu kwa kawaida haiumi popote, na kiharusi hakibishi hodi. Ipime kwa utaratibu: dakika 30 kabla usinywe kahawa wala kuvuta sigara, nenda haja kwanza, kaa dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu yote miwili sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, uandike namba zote. Ukipata 140 kwa 90 au zaidi katika siku mbalimbali, muone daktari. Ikifika 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mdomo kupinda au mkono kulegea, usisubiri asubuhi. Aliyeombewa naye aendelee kumeza dawa. Anayepunguza dozi ni daktari aliyeziona namba.

Sala yenyewe ina kazi yake mwilini. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Luciano Bernardi wa Italia waliwapima watu wazima 23 wakisali Salamu Maria kwa Kilatini, na pumzi zao zikashuka hadi karibu sita kwa dakika, moyo ukafuata mwendo huo. Yeyote anaweza: vuta pumzi puani ukihesabu nne, itoe polepole ukihesabu sita, au ukisema nusu ya mstari wa Zaburi. Dakika tano, asubuhi na kabla ya kulala. Usivute kwa nguvu wala haraka, utapata kizunguzungu na ganzi vidoleni.

Mikesha nayo tuiseme bila woga. Ndugu ambaye halali kwa mawazo hahitaji kuongezewa usiku mwingine wa kutolala. Mwacheni alale, walioshiba usingizi wakeshe kwa niaba yake. Anayetumia dawa za kisukari asianze mfungo kabla ya kumuuliza daktari, maana sukari inaweza kushuka akazimia. Na kahawa au chai ya rangi iishie saa nane mchana, kwa kuwa saa tano baadaye karibu nusu ya kafeini ingali kwenye damu.

Sasa turudi kwa Yethro, maana dawa yake ilikuwa ni mpangilio. Alitaka Musa aendelee kuwasemea watu mbele za Mungu, lakini mashauri yagawanywe: wakuu wa maelfu, mamia, hamsini, hadi makumi. Kumi ni ukubwa wa jumuiya au seli nyingi tulizo nazo. Kwenye kikao cha juma hili ulizeni nani anauguza mtu nyumbani, mpangeni zamu: usiku mmoja kwa wiki mwingine alale kwa mgonjwa, na mchana mmoja muuguzaji atoke atembee angalau nusu saa. Msimwambie "ukihitaji chochote sema," kwa sababu hatasema. Mwambieni, "Mama Neema anakuja Alhamisi saa moja jioni."

Anayepokea zamu akabidhiwe karatasi yenye majina ya dawa na saa zake, chakula ambacho mgonjwa hapaswi kula, namna ya kumgeuza kila saa mbili ikiwa hawezi kujigeuza, na namba ya simu ya zahanati. Na kama muuguzaji mwenyewe kwa wiki mbili hajalala vizuri, hafurahii kitu, au anatamani kufa, mmoja wenu amsindikize hospitali siku hiyohiyo, asiende peke yake.