Vipuri vya bunduki za doria: niliyoyaona Liwale

Kwa miaka mingi ufunguo wa ghala la silaha za askari wa wanyamapori ulikuwa mfukoni mwangu, huku Liwale, mkoani Lindi. Bunduki zetu ni zile za kukoki kwa mkono, nyingi Brno za Czechoslovakia za risasi za .375 (unene wa risasi kwa inchi), chache za .458, na karibu zote zimewazidi umri vijana wanaozibeba. Fungu la kununua mpya halikuwapo, na tembo hasubiri fungu. Ufuta ukikomaa anaingia shambani. Ikabidi hizo hizo zilizopo zirefushwe maisha.

Nilichokishika mapema ni kwamba bunduki haichakai yote kwa mpigo. Mwili, yaani chuma cha katikati kinachoshika mtutu, na mtutu wenyewe ndiyo bunduki. Springi, pini inayogonga kitako cha risasi, na kucha ya kuvutia nje ganda lililopigwa vimewekwa vichakae kwanza, na kuvionea huruma ni hasara.

Chukua springi ya pini. Ikilegea, risasi zinaanza kugoma. Risasi ikigoma, mtutu ubaki umeelekea pasipo na mtu, subiri kidogo ndipo ufungue bolti, kile chuma cha kusukuma kwa mkono kinachofunga risasi ndani, kwani nyingine hulipuka kwa kuchelewa. Kisha itazame kitakoni. Pini nzima huacha shimo lililozama. Springi iliyochoka huacha kijidoa tu, kama kucha ya mtoto iliyogusa kipande cha sabuni. Lakini usikimbilie kuagiza springi. Fungua bolti uioshe kwanza, maana mara nyingi nilikuta ndani grisi iliyoganda na mchanga, na springi haina kosa lolote. Ikiwa safi na bado inagoma, hapo badilisha, na ya zamani itupe. Wapo wanaoivuta kwa mkono irefuke kidogo; inakaa hivyo muda mfupi, kisha inarudi ilikokuwa.

Kucha ya kuvutia ganda ina kisa chake. Brno zetu zinafuata muundo wa Mauser, bunduki ya Kijerumani, wa mwaka 1898: risasi inapopanda kutoka magazini, ukingo wa kitako chake unateleza chini ya kucha taratibu. Kijana mwenye haraka anadondosha risasi moja kwa moja ndani ya chemba, tundu la nyuma ya mtutu inapokaa risasi, na kusukuma bolti kwa nguvu, kucha inalazimika kuruka ukingo. Siku moja inameguka ncha, na siku hiyo huwa mbele ya mnyama. Nilipiga marufuku mtindo huo, na kucha zikaanza kudumu.

Kitako cha bunduki hakihitaji maelezo marefu: mbao ikipata ufa nyuma ya bolti, hasa kwenye .458 inayorudi kwa teke kali, gundi imara iwahi kabla ufa haujafika kwenye shikio.

Ugumu ulikuja tulipokuwa na bunduki mbili mbovu kwa pamoja. Ya kwanza bolti yake ilikuwa imepasuka sikio la mbele, lile linalojifunga ndani ya mwili. Ya pili bolti nzima, ila mtutu umeoza. Haukuoza kwa risasi, mtutu wa .375 unapiga maelfu kabla joto la baruti halijala koo lake, na sisi hata mia kwa mwaka hatukuwa tukifika. Ulilala masika nzima kwenye ala ya ngozi. Ngozi hushika unyevu, kutu ikaingia kwenye mistari ya ndani.

Kijana wangu mmoja akasema, "Afande, si tuzioanishe? Zote Brno, zote .375. Bolti ya hii tuitie kwenye ile." Tukaijaribu bila risasi. Iliingia vizuri na kufunga kwa mlio mtamu kabisa. Hata hivyo sikumruhusu aipige. Zote mbili nikazipeleka kwa fundi mwenye leseni, Dar es Salaam.

Yule mzee alitoa vipande viwili vya chuma vyenye umbo la risasi. Bolti inatakiwa ifunge juu ya kimoja na igome juu ya kingine kilicho kirefu kidogo. Yetu ilifunga juu ya vyote viwili. "Inafunga, mwanangu," akaniambia, "lakini haijafunga." Nafasi ya nyuma ya risasi ilikuwa imezidi. Ukipiga hivyo, ganda linanyooka, na likikatika karibu na kitako chake, gesi inarudi nyuma kuelekea uso wa mpigaji. Kila bolti imelingana na mwili wake na chemba yake. Kufanana jina la kiwanda hakutoshi.

Alichofanya ni kinyume cha wazo la kijana. Bolti nzima aliiacha kwenye mwili wake, akang'oa mtutu uliooza, akaufunga pale mtutu mzuri wa ile nyingine. Akaukata shingoni kwa mashine ili uingie ndani zaidi ya mwili, kidogo kidogo, akipima kila mara, mpaka bolti ikagoma kufunga juu ya kile kipande kirefu. Tukarudi Liwale na bunduki moja inayopiga pale unapolenga, na hadi naacha kazi ilikuwa bado doria.

Namba iliyo kwenye kibali ndiyo iliyogongwa kwenye mwili, kwa hiyo bunduki hiyo ikabaki na namba yake, na badiliko la mtutu tukaliandikia taarifa. Mwili wa ile nyingine na bolti yake iliyopasuka tuliukabidhi polisi, nikapewa stakabadhi, nikaifuta kwenye daftari la ghala.