Mcheza kwao akihama kwao

Jumapili, 24 Agosti 2025, usiku

Leo Everton, klabu ya mpira ya jijini Liverpool, wamecheza mechi yao ya kwanza ya ligi kwenye uwanja mpya, ule uliojengwa bandarini Bramley-Moore, kando ya mto Mersey. Wamewafunga Brighton 2-0. Bao la kwanza ni la Iliman Ndiaye, yuleyule aliyefunga mabao yote mawili dhidi ya Southampton Mei 18, siku timu ya wanaume ilipoiaga Goodison Park. Yeye ndiye aliyefunga mlango wa nyumba ya zamani, na yeye ndiye aliyefungua wa nyumba mpya. Halafu tazama tarehe: Goodison nayo ilifunguliwa Agosti 24, mwaka 1892. Miaka 133 kamili.

Mimi si wa Everton. Mimi ni Arsenal tangu utotoni, kwa sababu Baba ni Arsenal. Lakini tangu ile mechi ya Mei kuna kitu kimenikaa kifuani na hakitoki. Niliwaangalia watu wazima wakilia kwenye viti vya mbao, na mimi nikalia pamoja nao. Nilipomsimulia Baba, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, unalilia nyumba ambayo hujawahi kuingia?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta miezi mitatu sasa, na nadhani jibu lenyewe analo Baba, kwenye daftari lake.

Ni daftari la gamba gumu, kingo zimelika, karatasi zimegeuka rangi ya chai. Tangu enzi za redio anaandika humo matokeo, kwa safu nne alizozichora kwa rula: tarehe, timu, mabao, uwanja. Safu ya uwanja ndiyo pana kuliko zote. Highbury. Goodison. Upton Park. Maine Road. Roker Park. Herufi zake zimelala upande wa kulia, na kila jina ameliandika kwa ukamilifu, hata pale ambapo timu amezifupisha. Nikiwa mdogo niliwahi kumuuliza kwa nini uwanja unapewa nafasi kubwa hivyo wakati kinachohesabiwa ni mabao. Akasema, "Redio haina picha. Lazima ujue wako wapi ndipo uwaone."

Basi alikuwa akiwaona. Alijua Highbury ni uwanja mfinyu, kwamba winga akikimbilia kona yuko karibu na jukwaa kiasi kwamba watu wanasikia pumzi yake. Alijua Goodison ina kanisa kwenye pembe, St Luke's, limebanana na majukwaa. Alijua kwamba Dixie Dean, mshambuliaji wa Everton aliyefunga mabao 60 ya ligi katika msimu wa 1927/28, alifariki dunia palepale Goodison mwaka 1980 akiwatazama Everton wakicheza na Liverpool. Vyote hivyo alivijua bila kuvuka bahari. Uwanja ulikuwa chumba ndani ya kichwa chake, na mimi nimekulia humo.

Kuna ukurasa mmoja huwa naurudia. Agosti 2006, Arsenal 1, Aston Villa 1. Kwenye safu ya uwanja ameandika "Highbury", uwanja wetu wa zamani, akalikata kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake, kwa herufi ndogo, "Emirates", ule mpya. Mkono ulizoea.

Mwaka ule mimi nilishangilia kuhama, na leo niseme wazi nilikuwa upande gani. Hesabu zilikuwa wazi. Highbury, ambayo mwaka 1935 iliwahi kujaza watu zaidi ya 73,000 katika mechi na Sunderland, ilikuwa imebaki na nafasi kama 38,000, kwa sababu baada ya maafa ya msongamano kwenye uwanja wa Hillsborough ya 1989, yaliyoua watu 97, klabu kubwa za Uingereza zililazimika kuondoa majukwaa ya kusimama na kuweka viti. Hilo lilikuwa jambo la haki kabisa. Lakini Highbury haikuwa na pa kutanukia. Nyumba za watu zilikuwa zimeizunguka, na jukwaa la mashariki lilikuwa jengo linalolindwa kisheria, halibomolewi. Uwanja mpya ungebeba watu 60,000, na ulikuwa mwendo wa miguu tu kutoka ule wa zamani. Niliamini viti vile 22,000 vya ziada vingetuletea kila mchezaji tuliyemtaka.

Kilichokuja ni deni. Tulibeba Kombe la FA mwaka 2005, na hatukubeba tena kombe kubwa hadi 2014. Katikati hapo tulimuuza Henry, tukamuuza Fàbregas, tukamuuza Van Persie kwa Manchester United, na hilo la mwisho liliniuma kuliko yote. Thierry Henry ndiye aliyepiga magoti akabusu nyasi za Highbury Mei 7, 2006, baada ya kufunga bao lake la tatu dhidi ya Wigan katika mechi ya mwisho pale. Mwaka mmoja baadaye hakuwa wetu tena.

Je, tulikosea kuhama? Hapana. Nimelipima jambo hili miaka mingi na bado nasema hapana. Klabu isiyo na pa kutanukia, yenye maelfu ya watu wanaongoja tiketi miaka nenda rudi, inawafungia nje watoto wa mashabiki wake. Nililokosea mimi ni kudhani kwamba kwa kuwa uamuzi ni sahihi, basi hakuna kilichopotea. Kilipotea. Pale nyasi zilipokuwa sasa ni bustani, na majukwaa ni makazi ya watu. Kuta za mashariki na magharibi zimebaki, na kila nikiziona pichani nafurahi kwamba zipo, kisha nahuzunika kwa sababu hiyohiyo.

Wako wanaosema uwanja ni saruji na chuma tu, timu ni wachezaji. Hawa sikubaliani nao hata kidogo. Wachezaji huja na kuondoka, kocha hufukuzwa, mmiliki huuza hisa zake akaenda zake. Katika klabu, kitu pekee ambacho babu na mjukuu wamekitazama kwa macho yao wote wawili ni uwanja. Wahenga waliposema mcheza kwao hutunzwa walikuwa wakisema juu ya ngoma, lakini mtu yeyote aliyewahi kuangalia timu dhaifu ikimfunga bingwa nyumbani kwake anajua maana yake. Goodison kuna mamia ya watu ambao majivu yao yamezikwa pembeni ya uwanja, kwa wosia wao wenyewe. Saruji haiachiwi wosia.

Lakini nao wanaosema kamwe, tusihame kamwe, wangekumbuka Bradford. Mei 11, 1985, jukwaa la mbao la uwanja wao, Valley Parade, lilishika moto katikati ya mechi, na watu 56 wakafa. Lilikuwa jukwaa kongwe, takataka zilikuwa zimejikusanya chini ya mbao zake kwa miaka, na siku hiyo watu walikuwa wamekuja kusherehekea ubingwa wa daraja lao. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba uzee wa jengo unatosha kuwa sababu ya kuliacha kama lilivyo. Ninachokiheshimu kwa Bradford ni walichofanya baadaye: walijenga upya palepale, wakarudi mwisho wa 1986, na wafu wao wanakumbukwa mahali walipofia.

Palepale. Nadhani hapo ndipo moyo wangu ulipo. Kama inawezekana kujenga upya mahali pale pale, jenga. Athletic wa Bilbao waliuondoa San Mamés wa 1913 na kuusimamisha mpya ubavuni mwake. Tottenham waliubomoa White Hart Lane mwaka 2017, wakahangaika Wembley, wakarudi 2019 kwenye ardhi yao (na kwa mtu wa Arsenal kuwasifu Tottenham, mjue nimefikiri sana). Liverpool walizungumza miaka na miaka juu ya kuhamia Stanley Park, bustani ya jirani, mwishowe wakaongeza jukwaa moja 2016 na jingine baadaye, na Anfield sasa inachukua watu zaidi ya 60,000. Kumbe ilikuwa inawezekana. Nawaombea Manchester United, ambao mwezi Machi wametangaza wanataka uwanja wa watu 100,000 kando ya Old Trafford, walikumbuke hilo kabla ya kuleta tingatinga.

Na kama haiwezekani, basi usiende kuwa mpangaji. West Ham waliondoka Upton Park Mei 2016, baada ya miaka 112, wakaingia uwanja uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 2012. Si mali yao, ni wa kukodi kwa miaka 99. Uliumbwa kwa ajili ya riadha, na mashabiki wamekaa mbali na chaki. Wamepata viti zaidi ya 62,000, na wamebeba kombe la Ulaya 2023, sikatai. Lakini mtu aliyezoea kumsikia beki akimfokea mwenzake hawezi kufidiwa kwa kiti kilicho mbali.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya klabu ndogo. Charlton waliondoka uwanja wao, The Valley, mwaka 1985, wakaenda kuishi kwa majirani. The Valley ukaota magugu hadi vichaka. Mashabiki hawakunyamaza. Mwaka 1989 waliingia wenyewe na zana zao, wakafyeka, wakachoma takataka. Manispaa ilipokataa mpango wa ujenzi, waliunda chama cha siasa, wakagombea uchaguzi wa 1990 kwa ajenda hiyo moja tu, wakapata karibu kura 15,000. Desemba 1992 timu ikarudi. Huwa nawaza yule aliyefyeka vichaka mpaka akafika kwenye ngazi za jukwaa, akaitambua ile aliyokuwa akisimama.

San Lorenzo wa Buenos Aires walichukua muda mrefu zaidi. Walicheza mara ya mwisho mtaani kwao, Boedo, mwaka 1979, chini ya utawala wa kijeshi, na ardhi yao ikaja kuwa supermaketi ya Carrefour. Ilibidi kusubiri hadi 2012 ndipo bunge la jiji likapitisha sheria ya kuwarudishia, na 2019 ndipo wakaipata ardhi yenyewe. Miaka 40! Kuna waliozaliwa, wakaoa, wakapata wajukuu, hawajaiona timu yao nyumbani.

Kwa hiyo ningeulizwa leo, klabu ihame au isihame, ningeuliza kwanza: ardhi ni ya nani, na nani ameulizwa? Chelsea wana mfano ambao natamani kila klabu ingekuwa nao. Tangu miaka ya tisini ardhi ya uwanja wao, Stamford Bridge, inamilikiwa na chama cha mashabiki wenye hisa, na jina la klabu pia liko mikononi mwao. Mwaka 2011 klabu ilitaka kuzinunua hisa hizo. Ilihitaji asilimia 75 ya kura, haikuzipata. Tajiri aliyekuwa na uwezo wa kununua mchezaji yeyote duniani alishindwa kununua ardhi iliyo chini ya miguu ya mashabiki. Wakihama siku moja, watahama kwa sababu wenyewe wamekubali.

Everton nao, ukiwatazama vizuri, walishahama zamani. Anfield ilikuwa yao. Walicheza pale tangu 1884, wakatwaa ubingwa wakiwa pale, kisha wakagombana na mwenye uwanja, John Houlding, juu ya kodi. Wakaondoka 1892 wakavuka bustani wakajenga Goodison. Houlding akabaki na uwanja usio na timu, akaunda timu. Ndiyo Liverpool. Kwa hiyo nyumba iliyoliliwa mwezi Mei ilianza kama nyumba ya wahamiaji, na watu wa 1892 bila shaka walikuwa na wa kwao waliokataa kuhama.

Kingine kimenipoza moyo. Goodison haibomolewi. Msimu huu timu ya wanawake ya Everton inahamia pale, iwe nyumbani kwao. Taa zitawashwa, nyasi zitakatwa, wasichana watapiga kona mbele ya kanisa lilelile. Sijui klabu nyingine kubwa iliyoaga uwanja wake kwa heshima kama hiyo, na niliposoma habari ile mwezi Mei nilisimama kabisa kutoka kwenye kiti.

Nimempigia Baba baada ya mechi. Alikuwa ameshaisikia, daftari liko mbele yake.

"Everton 2, Brighton 0," akasema. "Uwanja nimeacha wazi. Unaitwaje?"

"Hill Dickinson Stadium, Baba."

"Nani huyo?"

"Ni kampuni ya wanasheria. Imenunua haki ya jina."

Akakaa kimya. Nikasikia karatasi zikifunuliwa.

"Uko wapi lakini? Niambie uko wapi."

Nikamwambia uko bandarini, kwenye gati la zamani lililojazwa mchanga, na maji ya mto yako nyuma ya jukwaa la magharibi. Nikamwambia upepo unatoka mtoni, na kuta za matofali na mawe za bandari zimeachwa zilivyokuwa.

"Ahaa," akasema. "Basi naandika 'Bandarini'."